Mzee FalleN na bunduki aliyoigawa

Molodoy, kwa Kirusi, maana yake kijana. Ndilo jina analochezea Danil Golubenko, mdunguzi wa gemu la Counter-Strike kutoka Kazakhstan aliyesajiliwa na timu ya FURIA ya Brazil mwaka 2025 akiwa na miaka 20. Alipofika alikabidhiwa bunduki ya AWP. Aliyeiachia ni Gabriel Toledo, yaani FalleN, ambaye mwezi Mei mwaka uleule alitimiza miaka 34. Kwa karibu miaka kumi, ukitaja AWP mbele ya Mbrazili umemtaja yeye.

Nilikuwa nimeisubiri hatua hiyo muda mrefu mno, mpaka nikaacha kuisubiri. Na ilipokuja, wengi waliisoma vibaya. Walisema mzee kachoka, mkono umekuwa mzito, sasa anakaa pembeni awape wengine nafasi. Mimi naona FalleN hajawahi kucheza Counter-Strike kwa akili nyingi kama alivyocheza tangu aiweke chini ile bunduki. Tena naona alichelewa kuiweka.

Kwa asiyelijua gemu hili, AWP ni bunduki ya mdunguzi. Inauzwa dola 4,750 za ndani ya gemu, wakati AK-47 ni dola 2,700. Risasi moja ya kifua, tumbo au mkono inatosha kukuua, hata kama umevaa kinga kamili. Ukipigwa mguuni tu ndipo unaponusurika. Lakini ni nzito, inakaa muda kati ya risasi na risasi, na ukikosa mbele ya mtu mwenye AK umejimaliza. Kwa bei hiyo, timu mara nyingi hununua moja. Kwa hiyo mwenye AWP ndiye aliyekabidhiwa akiba ya nyumba. Wenzake wanabana matumizi ili yeye ashike kitu kizuri, na anatarajiwa arudi na kitu.

Kwenye kijiwe tulichochezea Counter-Strike 1.6, toleo la zamani, kompyuta nane zimeunganishwa kwa waya na feni moja ya juu inayolia, AWP ilikuwa marufuku. Mwenye kijiwe aliandika kwa peni ya wino mzito ukutani. Alikuwa na mteja mmoja ambaye kila akiishika, wateja wengine wanainuka mmoja mmoja kwenda zao, na biashara ya siku imeisha saa kumi na moja jioni. Nakumbuka ule ukuta kila nikimwangalia FalleN wa mwaka 2016.

Mwaka huo ndio wa kuanzia. Luminosity, timu ya FalleN wakati ule, walikwenda Columbus, Ohio, kwenye Meja, yaani shindano kubwa kuliko yote la Counter-Strike, ya kwanza kuwa na zawadi ya dola milioni moja. Walikuwa watano: FalleN, coldzera, fer, TACO na fnx. Nusu fainali dhidi ya Team Liquid walikuwa nyuma 15–9 kwenye ramani ya Mirage, wakati ambao timu ilihitaji raundi 16 kushinda. Wengi wanaikumbuka mechi ile kwa coldzera aliyeruka hewani na AWP pale B, moja ya sehemu mbili za kutegea bomu, akaangusha watu wanne. Walipindua, wakaingia fainali, wakawafunga Natus Vincere 2–0. Miezi mitatu baadaye watu walewale watano, sasa wakiwa na jezi ya SK Gaming, walichukua na Meja ya Cologne. Coldzera alikuwa mchezaji bora wa Meja zote mbili, na HLTV, tovuti ya habari za gemu hili, ikamweka wa kwanza duniani kwa mwaka ule, FalleN wa pili.

Huyo wa pili alikuwa nahodha na mdunguzi kwa pamoja. Mchanganyiko huo si wa kawaida, na una sababu. Nahodha anatakiwa kusikia watu wanne kwa wakati mmoja, kukumbuka adui alinunua nini raundi iliyopita, kuhesabu mabomu ya moshi yaliyobaki, na kuamua ndani ya raundi isiyofika dakika mbili. Mdunguzi anatakiwa kuutazama ufa mmoja kati ya ukuta na boksi bila kupepesa. Kazi hizi mbili zinavutana.

Ila kwa FalleN wa wakati ule zilisaidiana, na hapa ndipo nadhani wachambuzi wengi wanapita haraka. Machi 2015 Valve, wenye gemu, walipunguza kasi ya mtu anayetembea huku amechungulia kwenye darubini ya AWP. Wadunguzi waliozoea kukimbiakimbia na kuvamia walipiga kelele sana. FalleN alipanda ngazi baada ya mabadiliko hayo, na kilichombeba ni kuchagua mahali. Alikuwa anatokea sehemu ambayo sekunde tano zilizopita haikuwa na mtu, anapiga moja, anarudi nyuma kabla hujamaliza kugeuza shingo. Ukimtafuta pale, kashahamia kwingine. Kwa kuwa mdunguzi ndiye wa kwanza kuona nani anapita wapi, nahodha alikuwa anajipatia habari kwa jicho lake mwenyewe. Hakuhitaji kuuliza. SK wakitawanyika ramani nzima na kusubiri, sekunde zikiyoyoma, yule aliyekuwa anaamua waende A au B ndiye aliyekuwa ameona pengo. Amri ilikuwa inatoka palepale macho yalipo.

Wabrazili wanamwita Profesa, na jina hilo si la mzaha. Kabla ya Meja yoyote alikuwa anafundisha watu Counter-Strike kupitia mradi wake wa Games Academy, kwenye nchi ambayo mwaka 2008 mahakama ilizuia gemu hilohilo lisiuzwe, kwa sababu ya ramani iliyotengenezwa na mashabiki kuhusu Rio. Zuio liliondolewa mwaka uliofuata. Kizazi chake kimekulia kwenye vijiwe vya kulipia kwa saa, mbali na Ulaya ambako mashindano makubwa yalikuwa. Ukicheza kutoka huku kwetu kwenye seva ya Ulaya, pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ikiwa zaidi ya mia, unalijua hilo kwa vidole: unapomwona adui, yeye kashakuona zamani. Unajifunza kukisia atakuwa wapi kwa sababu kumsubiri aonekane ni kuchelewa. Sitashangaa kama ubashiri wa FalleN ulianzia kwenye dhiki ya namna hiyo, ingawa hapo najisemea tu.

Mwaka 2017 SK walizidi kushinda, wakarudi Cologne wakachukua tena kombe la ESL One, ingawa safari hii halikuwa Meja. Halafu 2018 wakahamia timu ya MIBR, na hapo mambo yakaanza kulegea. Sitakaa sana kwenye miaka ile. Wachezaji waliingia na kutoka, lugha ya timu ikabadilika ikarudi, na vijana wapya duniani wakawa wanapiga risasi ya kwanza kabla Profesa hajamaliza kuwaza. Mwaka 2021 alikwenda Liquid. Mwaka 2022 akaanzisha na Imperial ile safari waliyoiita dansi ya mwisho, akiwaita tena fer na fnx wa zamani. Ilikuwa tamu kuitazama.  Lakini ukiondoa machozi ukabaki na mkanda wa mechi, unaona mdunguzi anayefika kwenye kona aliyoichagua vizuri, kwa wakati sahihi, halafu anakosa. Uchaguzi ulikuwa bado wa bingwa na mkono ulishapungua.

Nililaumu umri wakati ule, kama kila mtu. Siku hizi naona gemu lenyewe nalo lilimgeuka. Novemba 2022 Valve walipunguza risasi za AWP kwenye magazini kutoka 10 hadi 5. Mdunguzi anayetoboa moshi kwa kubahatisha, anayepiga mbili tatu kumtisha mtu asipite, alinyimwa uhuru huo kwa usiku mmoja. Kisha 2023 ikaja Counter-Strike 2 na raundi zikapungua: badala ya kukimbilia 16, timu sasa inakimbilia 13. Watu waliona ni mechi fupi tu. Fikiria hesabu yake. Ukipoteza AWP ya dola 4,750 kwa kosa la kuchungulia, timu inalazimika kusevu, yaani kubana pesa bila kununua silaha nzuri, raundi moja au mbili, na raundi hizo mbili kwenye mechi fupi ni sehemu kubwa zaidi ya mechi. Nahodha anayeshika bunduki ghali namna hiyo, kila akifa kwa uzembe mdogo anakuwa amefilisi timu anayoiongoza. Halafu anatakiwa atulie aipange raundi inayofuata.

FalleN aliingia FURIA katikati ya 2023 na akaendelea kushika AWP karibu miaka miwili. Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Kwenye timu yenye KSCERATO na yuurih, wapigaji wawili wa kutegemewa kabisa, akiba ilikuwa inakwenda kwa mtu ambaye faida yake kubwa ilikuwa mdomoni. Nadhani na yeye alijua. Mtu aliyefundisha wengine miaka yote hawezi kushindwa kuona kwamba mwanafunzi mmoja darasani anakula muda wa wengine, hata kama mwanafunzi huyo ni yeye mwenyewe.

Wapo waliobadilika mapema. Device wa Denmark alianza na bunduki za kawaida akahamia AWP, na akiwa na timu ya Astralis akavuna Meja nne. Lakini yeye alikuwa kijana, na alikuwa anapanda kuelekea kwenye silaha ya heshima. Kushuka ndiko kugumu. S1mple, ambaye kwangu mimi ndiye mpigaji mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kuligusa gemu hili, alijipumzisha CS2 ilipoingia, kisha akajaribu timu za Falcons 2024 na FaZe 2025 kwa mkopo, na kila mara maswali yalikuwa yaleyale: je, risasi yake imerudi? Hakuna aliyeuliza kama angeweza kuwa mtu mwingine uwanjani. Ukiwa s1mple, pengine swali hilo ni tusi.

FalleN alijiuliza. Aprili 2025 wakaja molodoy na YEKINDAR wa Latvia, na FURIA ikaanza kuzungumza Kiingereza uwanjani. Hili la lugha linapitwa kirahisi mno. Nahodha aliyejenga jina lake lote kwa kufikiri kwa Kireno akubali kutoa amri kwa lugha ya kukopa, huku akijifunza upya kazi ya kushika AK! Jaribu kumpa baba yako maelekezo ya kuendesha gari kwa lugha mliyojifunza wote shuleni, mpo kwenye mzunguko wenye daladala, ndipo utajua.

Kwenye mechi utaona tofauti yenyewe ukiacha kumtafuta kwenye orodha ya walioua. Zamani alikuwa pembezoni, peke yake, ameshika mstari mrefu. Sasa yupo karibu na wenzake. Anarusha bomu la mwanga YEKINDAR aingie; YEKINDAR akianguka, anakuwa mtu wa pili kulipa kisasi, au anaanguka yeye ili wa tatu alipe. Kufa kwake kumekuwa kwa bei nafuu. Na kwa sababu hakuna anayemhofia kama zamani, mara nyingine unamkuta amebaki mwishoni, mmoja kwa wawili, na hapo ule ubashiri wa zamani unarudi: anasikiliza hatua, anakaa kimya sekunde nne zaidi ya ambazo kijana angeweza kuvumilia.

Matokeo yalikuja haraka kuliko nilivyodhani. Septemba walishinda FISSURE Playground 2. Oktoba, Thunderpick World Championship. Novemba wakaenda Chengdu, na kwenye fainali ya shindano la IEM wakawapiga Vitality, timu ya nyota ZywOo, 3–0. Mwezi uleule wakabeba na kombe la Hong Kong. Vitality ndiyo timu iliyochukua Meja zote mbili za mwaka ule, kwa hiyo usiniambie walikutana na wagonjwa.

Kijiweni tulibishana kuhusu Chengdu. Rafiki yangu mmoja anasema sifa zote ni za molodoy, kwamba mpe nahodha yeyote mdunguzi wa aina ile na atashinda. Ana hoja. Yule kijana anapiga kwa kasi ambayo FalleN hakuwa nayo hata 2016. Lakini mtazame molodoy anavyokaa: kona ambazo hazina jina, kupiga moja na kutoweka, kutokea tena mahali ambapo moshi ndiyo kwanza unafifia. Baadhi ya hizo sehemu nimeziona zikitumika kabla. Nilimwambia rafiki yangu arudie mechi za SK za 2017, akasema atazirudia. Hajazirudia.

Mimi sasa nina tabia mbaya nikiitazama FURIA. Raundi ikianza naangalia molodoy yuko wapi na FalleN yuko umbali gani naye. Namwombea kijana wa watu afe karibu na mzee, AWP idondoke miguuni pake, zibaki sekunde ishirini na maadui wawili. Ikitokea, nazima sauti ya watangazaji.