Kushusha Gari bila Kupoteza Utulivu wa Safari

Siwalaumu vijana wa Dar es Salaam wanaoshusha Altezza na Mark X zao. Magari ya aina hiyo hupendeza zaidi pengo kati ya tairi na fenda linapopungua, na yakishushwa kwa kiasi hata mwenendo wake kwenye kona huwa mzuri zaidi. Ninachopinga ni imani iliyozoeleka kwenye gereji nyingi kwamba anayetaka gari la chini hana budi kukubali kurushwarushwa kitini kila anapopita tuta. Imani hiyo imewafanya watu waache kuuliza maswali wanaponunua springi na shokapu, ilhali majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama gari litaendeka kila siku.

Swali zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hili: imebaki nafasi kiasi gani ya gurudumu kupanda kabla shokapu haijafika mwisho? Ndani ya kifuniko cha vumbi cha shokapu, kwenye fimbo yake, kuna kipande cha mpira kinachopokea pigo pale springi inapominywa kupita kiasi. Tuseme gari likiwa tupu lina milimita 70 kabla ya kuugusa mpira huo. Ukilishusha milimita 30, zinabaki 40. Wakikaa watu watatu nyuma na mizigo ikaingia kwenye buti, kila gurudumu la nyuma linaweza kuongezewa kilo 75 hivi. Na kama springi, ikipimwa pale gurudumu lilipo, inahitaji kilo 2.5 ili iminyike milimita moja, mzigo huo peke yake unakula milimita 30 nyingine. Zimebaki 10. Tuta lolote la mtaani litazimaliza, na kuanzia hapo abiria wanabebwa na mpira, ambao ugumu wake hupanda ghafla. Hilo ndilo pigo linalosikika mgongoni, na wengi hudhani limetokana na springi ngumu mno, wakatafuta laini zaidi na kuzidisha tatizo. Kwa hesabu ile ile, springi inayohitaji kilo 4 kwa kila milimita ingezama chini ya milimita 20 na kuacha zaidi ya 20. Kwa hiyo gari lililoshushwa linahitaji springi ngumu kuliko ya kiwandani ndipo likalike vizuri, ingawa ugumu nao una mpaka wake: ukiuzidisha mara mbili, bodi itadunda kwa kasi iliyoongezeka kwa takriban asilimia 41, na mwili wa mtu huanza kuchoka hata kwenye lami nzuri.

Ukitaka kujua hali ya gari lako, funga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye fimbo ya shokapu, kisha lipakie kama unavyolipakia siku zote na upite njia yako ya kawaida. Ukirudi utaikuta kamba imesukumwa hadi pale shokapu ilipofika. Ikiwa imesukumwa hadi kwenye mpira, gari limeshushwa kupita uwezo wake, hata kama machoni linaonekana lina kimo cha kutosha.

Kukata springi ni jambo ambalo mwenye gari hapaswi kulikubali kamwe, hata akihakikishiwa kwamba wengi wamefanya hivyo. Ncha iliyokatwa huenda isikae sawasawa kwenye kikombe chake, na gurudumu linaponing'inia springi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Shokapu nayo inabaki ile ile ndefu ya kiwandani, ikifanya kazi karibu na mwisho wake muda wote. Kampuni makini zinalijua hilo: Bilstein, kwa mfano, hutengeneza shokapu ya B6 kwa ajili ya gari la kimo cha kawaida na B8 yenye mwili mfupi kwa gari lililovishwa springi fupi. Kwa mtu anayetumia gari kwenda kazini na kusafirisha familia, springi za kushusha milimita 25 hadi 30 pamoja na shokapu zilizotengenezwa kuendana nazo ni chaguo bora kuliko koilova (springi na shokapu zilizounganishwa pamoja, ambazo kimo chake hurekebishika) za bei rahisi.

Anayetaka koilova aulize kimo kinarekebishwa wapi. Zipo ambazo hurekebishwa kwenye kikombe cha springi peke yake, na kila unaposhuka unakula nafasi ya shokapu. Nyingine hurekebishwa kwenye mguu wa chini, hivyo gari hushuka huku safari ya shokapu ikibaki vile vile. Hapo unachopaswa kuchunga ni tairi lisikwaruze fenda.

Kitasa cha kurekebisha ugumu wa shokapu nacho hutumiwa vibaya. Koilova ya TEIN Flex Z, kwa mfano, ina hatua 16, na watu hukimbilia hatua ngumu kabisa wakiamini ndiyo ya kimichezo. Katika barabara ya kwenda Morogoro, penye rasta zilizofuatana, shokapu iliyokazwa hivyo hairuhusu springi ifunguke kabla ya rasta inayofuata, na gari huzama kidogo kidogo hadi linafika kwenye mpira. Anzia upande laini, ukaze hatua moja moja mpaka bodi iache kuyumba, kisha uishie hapo.

Matairi yasisahauliwe. Ukuta wa tairi la 205/55 R16 una takriban milimita 113, wakati ule wa 225/40 R18 una 90. Mwenye kushusha gari na kuongeza rimu kwa wakati mmoja amejinyima utulivu mara mbili, na mimi ningemshauri abaki na rimu ya 16 au 17.

Kazi ikishafungwa, simama karibu na fundi anapokaza bolti za mikono ya chini. Bushi za mpira zikikazwa gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yakining'inia, zitabaki zimejisokota siku zote gari likiwa chini, zitaongeza ugumu usiohitajika na kuchanika mapema. Mwombe azilegeze, alishushe gari likae kwa uzito wake, ndipo azikaze upya, kisha gari lipelekwe kufanyiwa alaimenti.