Kabla Mgeni Rasmi Hajafika

Mwenzangu wa kazini, mama mmoja mzaliwa wa hapahapa Quebec, aliniazima diski ya Dralion wiki mbili zilizopita. Alinipa kwa moyo mweupe, kisha kwa moyo huohuo akaniuliza: "Kwenu mnavyo vitu kama hivi?" Nikamjibu tunavyo, tena tangu zamani. Akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayekuona unajitetea. Limenikaa kooni mpaka leo.

Niliitazama Jumapili usiku, theluji ikiwa imefunika madirisha ya chini. Dralion ni onyesho la sarakasi la kampuni ya Cirque du Soleil lililoanza hapa Montreal mwaka 1999 na kuzunguka dunia mpaka 2015. Jina lenyewe ni joka la Mashariki na simba wa Magharibi waliounganishwa. Wanasarakasi wengi ni Wachina, na ufundi wao umevikwa muziki, mavazi na vichekesho vya upande huu. Wanyama hawamo. Hao majoka-simba ni watu ndani ya mavazi, wanatembea juu ya mipira mikubwa kama wanatembea barabarani.

Kuna binti anasimama kwa mkono mmoja juu ya fimbo. Ukiwa ukumbini ungemwona kwa mbali, lakini kamera inasogea mpaka unaona vidole vinavyofanya kazi. Kimoja kinabonyea, kingine kinalegea, kama vya mpiga zumari, na mwili wote juu yake umetulia tuli. Nilijikuta nimeshika ukingo wa kochi.

Halafu zikaja pete. Ngoma zinadunda, vijana wanapenya pete zilizopangwa moja juu ya nyingine, wanaingia kama mbayuwayu wanavyoingia darini, mmoja hajatua mwingine keshapita. Hapo machozi yalinitoka, kwa sababu nilimwona kaka yangu.

Sisi ni watu wa Temeke. Kaka na wenzake walikuwa na tairi bovu la lori, wamelifukia nusu mchangani, ndiyo springi yao. Pete yao ilikuwa nondo iliyokunjwa, imezungushiwa matambara. Siku za sherehe matambara yanalowekwa mafuta ya taa na kuwashwa. Aliyewafundisha ni mzee mmoja wa mtaani ambaye naye alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Wachina. Na hii si hadithi ya kijiweni. Katika miaka ya 1960 serikali yetu ilituma vijana China wakajifunze sarakasi, waliporudi kikaundwa kikundi cha taifa. Baadaye Muungano, DDC Kibisa na vikundi vingine vya Dar vikawa haviwezi kufanya onyesho bila sarakasi katikati ya ngoma, taarab na maigizo. Kwa hiyo huo mchanganyiko wa Wachina na wasio Wachina, ambao huku uliwafanya watu wasimame na kupiga makofi mwaka 1999, sisi tulikuwa nao miaka thelathini kabla. Yule mama hakujua. Simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi.

Nikiwa darasa la tano kulikuwa na uzinduzi. Wa nini, wapi, sitasema. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi, kikundi cha kaka kimeitwa tangu saa moja. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Kila wananchi walipoanza kuondoka mshereheshaji alishika kipaza sauti: "Vijana, hebu warudieni." Wakarudia mara tatu, juani, kwenye sakafu ya saruji. Saa nane kasoro ving'ora vikasikika. Kaka alikuwa juu kabisa ya piramidi, ghorofa ya tatu, amesimama mabegani mwa mwenzake. Mshereheshaji akasema shukeni haraka, mgeni amefika. Hawakupewa hata nafasi ya kushuka kwa mpangilio. Kaka akaruka. Nilisikia kifundo cha mguu wake kikilia, na nilikuwa nimekaa mbali.

Wakasogezwa nyuma ya turubai, wakapewa soda na andazi. Hotuba ikachukua saa nzima. Sarakasi haikutajwa.

Tofauti ninayoiona kati ya huku na nyumbani iko hapo tu. Sizungumzii hela wala mataa. Huku anayepinduka hewani ndiye mgeni rasmi. Watu wamenunua tiketi wakaja kumwona yeye, na taa zinazimwa ili aonekane yeye. Kwetu sarakasi ni ya kushikilia watu mpaka mwenye gari afike.

Mtaniambia hawa wametuacha zamani, hatuwezi kujilinganisha. Hebu sikilizeni walivyoanza. Mwaka 1980 Gilles Ste-Croix alitembea juu ya miguu ya mbao kutoka Baie-Saint-Paul mpaka mji wa Quebec, kama kilomita 90, kutafuta fedha za kikundi chake. Walikuwa watu wa mitaani, wacheza na moto, kofia chini. Mwaka 1984 jimbo la Quebec lilisherehekea miaka 450 tangu Jacques Cartier afike Canada, na serikali ikawapa mkataba wa kutumbuiza. Ilikuwa sherehe ya serikali, yenye hotuba na wakubwa, kama za kwetu. Ila zilipokwisha, vijana hawakurudishwa nyuma ya turubai. Hivyo ndivyo Cirque du Soleil ilivyozaliwa. Guy Caron, aliyekuja kuiongoza Dralion, alikuwa ameshashiriki kuanzisha shule ya taifa ya sarakasi tangu 1981. Leo kijana anaingia shule hiyo akiwa bado sekondari na anaweza kutoka na stashahada.

Shule hiyo iko mtaani kwetu, Saint-Michel. Mnajua Saint-Michel ilikuwa nini? Machimbo ya mawe, kisha dampo la jiji. Chukua Kunduchi ya kokoto na Pugu ya taka uziweke mahali pamoja. Juu ya dampo hilo sasa kuna bustani, na pembeni yake shule, makao makuu ya Cirque, na ukumbi wa duara wa TOHU uliofunguliwa 2004. Wakazi wengi ni wahamiaji kama mimi. Kila nikirudi zamu ya usiku nakutana na mabinti wamebeba mabegi wanakwenda mazoezini, na hakuna anayewauliza watakula nini wakizeeka.

Najua yatakayosemwa. "Dada huyu kafika ughaibuni, keshaanza kutudharau." Mimi huku nawaogesha wazee wa watu, sina cha kuringia. Ningekuwa nadharau nisingelia.

Mwingine atasema nchi ina watoto wanaokaa chini darasani, sarakasi ya nini. Haya, twende Wuqiao, wilaya iliyo katika jimbo la Hebei, ambako Wachina wenyewe wanasema sarakasi ndiyo kwao. Watu wa kule walikuwa wakulima wa ardhi ya chumvi inayofurika kila mara. Walichezea mitungi, viti na bakuli kwa sababu ndivyo vilivyokuwamo nyumbani, na njaa ikiingia walifunga mizigo wakaenda kucheza ili wale. Leo wana shule inayopokea vijana kutoka Afrika, Watanzania wakiwamo. Umaskini haukuwazuia. Na sisi hatukuzuiwa na umaskini, maana tulipokuwa maskini kuliko leo ndipo tulipowapeleka vijana China.

Na yule atakayeniambia vijana wetu wapo Ulaya wanazunguka na masarakasi makubwa, namwambia najua, na nikiwaona kifua kinanijaa. Wakenya nao wana Sarakasi Trust pale Nairobi tangu 2001, na neno letu liko kwenye jina. Lakini mbona ili mtoto wa Temeke apigiwe makofi mpaka mwisho lazima apande ndege kwanza? Tuna chuo cha sanaa Bagamoyo tangu 1981, mwaka uleule wa shule ya Montreal. Mwaka uleule!

Na huku nako sikubali kila kitu. Katika Dralion Afrika imo: ni mwanamke aliyevaa rangi ya udongo, anaitwa Gaya, anacheza ngoma, ndiye ardhi. Anacheza vizuri mno. Ila sarakasi ya kwetu, ile ambayo mtoto wa miaka kumi wa Temeke anaijua, sikuiona. Wangetuuliza tungewaonyesha.

Nilirekodi kipande cha pete kwa simu nikamtumia kaka. Sasa anaendesha bodaboda, kile kifundo kinamsumbua masika yakianza. Nilimpigia kesho yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Nimeiona. Nimeirudia mpaka bando limekata." Nyuma yake nilisikia honi na mtu akiita abiria. "Umewaangalia wanaoshika pete? Hawawaangalii watazamaji. Macho yako kwa mwenzao tu."

Nikamwambia sikuwa nimewaangalia.

"Chini pale wametandika nini?"

Nikarudisha nyuma, nikasimamisha picha, sikuweza kutambua. Nikamwambia Jumamosi sina zamu, nitapita TOHU niulize.

"Uliza na unene wake," akasema. "Hapa mtaani nina watoto sita, bado wanarukia mchangani."