Kaptula ya Baiskeli Haiogelei

Niliwahi kuingia triathloni, shindano la kuogelea, kuendesha baiskeli kisha kukimbia, nikaogelea mita 750 pale Nyali, Mombasa, nikiwa na kaptula yangu ya baiskeli, ile ya mikanda mabegani. Natoka majini, nikajihisi kama nimefungwa nepi iliyolowa. Sponji nene ya makalioni ambayo kwenye barabara ya Kilifi hunibembeleza saa nne nzima ilikuwa imefyonza bahari, na maji yakanichuruzika mapajani kilomita zote 20 za baiskeli. Nilipoanza kukimbia zile 5 za mwisho, chumvi ikafanya kazi yake. Siku mbili nilitembea kama mtoto wa jando.

Kwa hiyo ukiniuliza kama vazi moja litakufaa kwa triathloni na kwa baiskeli peke yake, nitakuambia hapana, hata kama muuzaji anakuapia. Sponji ya trisuti, lile vazi la kubana la triathloni linalovaliwa tangu kuogelea hadi kukimbia, ni nyembamba kwa makusudi: inakauka upesi na haikwamishi miguu ukikimbia. Mwanatriathloni naye mara nyingi huegemea usukani kwa viwiko, uzito ukahamia mbele, wakati sisi wa baiskeli tunakalia mifupa ya makalio. Toka na trisuti Mombasa hadi Malindi, kilomita 120 hivi, utaanza kusimama juu ya pedali kabla hujafika Kilifi.

Jezi ya baiskeli nayo, yenye mifuko mitatu mgongoni, barabarani ni rafiki: ndizi, tyubu, simu. Majini mifuko hiyo inakuwa ndoo tatu unazozivuta. Na usidhani utajifunga kikoi ubadilishe nguo pale baiskeli zinapoegeshwa, ukitoka majini. Sheria hazitaki watu wakae uchi pale, na kuhangaika na jezi kwenye mwili wenye maji kunakula dakika.

Wetsuti, lile vazi la mpira la kuzuia baridi majini? Pesa hiyo nunulia matairi. Bahari yetu ni ya moto, na kwa mashindano ya kuogelea hadi mita 1,500, sheria za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinawakataza washiriki wa kawaida kuivaa maji yakifika nyuzi 22.

Mimi ningeanza na kaptula nzuri ya baiskeli, kwa sababu shindano ni siku moja na mazoezi ni kila wiki. Trisuti ifuate ukishajiandikisha kweli. Soko la Kongowea, Mombasa, kwenye mitumba utazikuta zimechanganywa, na wauzaji wengi huita zote "za baiskeli". Tia mkono ndani, bonyeza sponji. Ikiwa nene na inarudi juu, ni ya baiskeli na bado ina uhai. Ukibonyeza ikabaki imelala, mrudishie mwenyewe hata akipunguza hadi shilingi mia. Ikiwa nyembamba na zipu iko kifuani kwenye vazi la kipande kimoja, hapo umepata trisuti.

Na chupi, jamani, usivae ndani ya yoyote kati ya hizo mbili. Paka mafuta ya mgando, uondoke.