Meneja atoke kwa wahudumu au aje na cheti?

Ijumaa moja, saa mbili usiku, mgahawa niliokuwa nafanyia kazi Sinza, Dar es Salaam, uliishiwa gesi. Meza zimejaa, oda kumi na moja ziko jikoni, na mtungi wa akiba ulikuwa mtupu tangu Jumatano. Duka la gesi liko ng'ambo ya barabara tu. Meneja wetu, kijana mwenye stashahada ya hoteli na tai shingoni, alisimama kaunta akimpigia simu tajiri, yaani mwenye mgahawa. Droo ilikuwa na mauzo ya siku nzima, ila hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka tajiri aseme ndiyo. Tajiri alikuwa harusini, na muziki wa harusi ukaimeza simu. Mtungi ulifika baada ya dakika arobaini. Meza tatu zilikuwa zimeshaondoka, moja ikiwa imekunywa soda ambazo hakuna aliyepata uso wa kuzidai.

Kesho yake tajiri akatoa hukumu: wasomi hawafai, bora angempandisha dada wa kaunta mwenye miaka sita pale. Akampandisha kweli. Miezi mitano baadaye stoo ikaonyesha shoti, yaani upungufu, mara mbili, kauli ikageuka: huyu hana elimu, nitafutieni mtu aliyesoma.

Nimefanya kazi kwenye migahawa minne, na ubishi huu nimeukuta kote. Kila upande una hoja, tena nzito, ndiyo maana haumaliziki.

Anayetetea mtu wa ndani ana mengi ya kuonyesha. Dada wa kaunta anajua muuzaji yupi wa soko la samaki la Feri anachanganya samaki wa jana na wa leo. Anajua mteja wa meza ya dirishani hataki pilipili hata kwenye kachumbari. Anajua kwamba mwezi wa Ramadhani mchana utawakuta wahudumu wanapiga soga, halafu ikikaribia magharibi unahitaji mikono maradufu kwa ajili ya futari. Hayo hayafundishwi darasani. Kuna pia wale waliobaki chini: mhudumu akiona mwenzake amepanda, naye anaanza kufika kazini na shati lililopigwa pasi.

Lakini mtu huyo huyo hupewa funguo leo na kesho akadaiwa hesabu ambazo hakuna aliyemfundisha. Chukua sahani ya pilau inayouzwa shilingi 8,000. Tuseme mchele, nyama, viungo, mafuta na gesi vimekula 2,800. Hiyo ni asilimia 35 ya bei. Mpishi akiwa na moyo mkunjufu, anaongeza kipande cha nyama cha shilingi 600. Gharama inafika 3,400, yaani asilimia 42.5. Mteja anafurahi, mpishi anasifiwa, sahani zinatoka 100 kwa siku. Zidisha: shilingi 60,000 kila siku, 1,800,000 kwa mwezi wa siku thelathini. Hakuna aliyeiba. Droo haina shoti hata ya mia, kwa hiyo keshia analala usingizi, na mgahawa unakufa taratibu huku umejaa watu. Meneja aliyezoea kuhesabu fedha ya droo peke yake hawezi kuiona hasara hii, kwa sababu haipiti kwenye droo. Inapitia kwenye kijiko cha kupakulia.

Shoti za dada wa kaunta zilikuwa za namna hiyo. Zilikuwa za mizani, wala hazikuwa za mkono mrefu. Alikatwa mshahara hata hivyo.

Upande wa pili unasema: basi leta mtu anayejua mizani. Sawa. Huyo anakuja na miaka ishirini na sita, anamkuta jikoni mpishi wa miaka hamsini ambaye wote wanamwita mzee. Asubuhi anampa shikamoo, kama alivyolelewa. Robo saa baadaye anatakiwa amwambie mzee huyo huyo kwamba vipande vyake vya nyama ni vikubwa mno. Nimeona vijana wawili wakishindwa hapo hapo. Mmoja aliacha kutoa shikamoo ili aonekane bosi, na jiko zima likamsusia kimyakimya: oda zinachelewa, chumvi inazidi, hakuna anayejua kwa nini. Mwingine aliendelea na shikamoo akaacha kusema kuhusu nyama. Wa tatu ndiye aliyeweza. Alileta mizani ndogo jikoni, akamwomba mzee amfundishe kipande kinachostahili kina uzito gani, wakakiandika pamoja ukutani. Sijui kama alifundishwa hilo chuoni. Nadhani alilelewa na bibi.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: kupanda cheo kunaweza kumshusha mtu kipato. Mhudumu mzuri anaishi kwa bakshishi, meneja hapewi bakshishi. Halafu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na kutaka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ila masharti hayo ya saa hayamhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo dada wa kaunta aliitwa meneja, akapoteza bakshishi, akawa anafunga mlango saa sita usiku bila kudai chochote. Nyongeza yake haikuziba hata pengo. Tajiri alishangaa mbona siku hizi hacheki na wateja.

Wanaopenda mfano wa nje hutaja McDonald's, kampuni ya migahawa ya Marekani. Charlie Bell, Mwaustralia aliyeanza huko na miaka 15, akawa meneja wa tawi na miaka 19, na mwaka 2004 akashika uongozi wa kampuni nzima duniani. Unaona, wanasema, mtu wa ndani! Wanasahau kwamba kampuni hiyo hiyo ilikuwa na chuo chake cha mameneja, Hamburger University, tangu mwaka 1961, na kwamba Fred Turner, aliyesukuma kuanzishwa kwake, naye alianzia kwenye jiko la kuchoma nyama. Walimchukua wa ndani, kisha wakampeleka darasani. Sisi tunachagua nusu moja halafu tunalaumu nusu nyingine.

Tajiri atajibu kwamba yeye si McDonald's, fedha ya darasa ataitoa wapi? Jibu la haki ni kwamba huenda ameshailipa. Kenya ina tozo ya asilimia 2 ya mauzo ya hoteli na migahawa inayokusanywa na Mfuko wa Utalii, na kugharimia mafunzo ni miongoni mwa sababu za kuwepo kwake; Kenya Utalii College, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1975, imesomesha wahudumu na mameneja wa hoteli kwa fedha za namna hiyo. Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara Julai 2023. Tajiri wetu aliilalamikia kila mwezi. Sikuwahi kumsikia akiuliza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi gani fupi anayoweza kumpeleka mtu wake.

Hofu yake ya kweli ni nyingine: nikimsomesha atahamia kwa jirani. Siwezi kuicheka hofu hiyo kwa sababu mimi ndiye ambaye jirani alimpata. Kwenye mgahawa wangu wa tatu nilifundishwa kukokotoa gharama ya sahani, nikafundishwa vizuri, na baada ya miezi minane nikaondoka kwa nyongeza ya shilingi 70,000. Aliyenifundisha alinuna, na alikuwa na haki. Lakini nyongeza haikuwa sababu pekee. Kule nilikokwenda niliruhusiwa kuagiza mzigo bila kupiga simu.

Ndiyo maana, nikilazimishwa kuchagua, namchagua wa ndani, asomeshwe, alipwe zaidi ya bakshishi aliyoiacha. Ila naona ubishi wenyewe umekaa mbali na mahali panapovuja. Yule kijana wa tai alijua kabisa kwamba mtungi wa akiba haukai mtupu. Aliuandika kwenye daftari la mahitaji Jumatano, na Alhamisi akauandika tena. Kilichokosekana ni ruhusa ya kutoa fedha za mtungi mmoja. Dada wa kaunta naye, alipopewa cheo, alipewa funguo za mlango wa mbele na wa stoo. Wa droo ulibaki kwenye mfuko wa tajiri.

Nilipita pale mwaka jana kula chakula cha mchana. Meneja ni mwingine, wa tano tangu niondoke. Nilipoomba chenji ya noti ya elfu kumi, aliomba radhi, akatoa simu mfukoni.