Mtoto Asing'oe Mfupa Kabla ya Kuupima

Ziara nyingi za wanafunzi kuhusu maisha ya kale huishia kwenye sanduku la mchanga: mifupa ya plastiki imefukiwa, watoto wanasukumana nani ataopoa fuvu kwanza. Wanafurahi, sikatai. Ila wanachofunzwa pale ni kusaka hazina, na mwanaakiolojia, yaani mchunguzi wa mabaki ya watu wa kale, hafanyi hivyo.

Jiwe kali likikutwa kando ya mfupa wa mnyama, linatufanya tuulize nani alikula nini mahali hapo. Likitiwa mfukoni, linabaki jiwe. Ndiyo maana kule Olorgesailie, Kenya, mashoka mengi ya mawe yameachwa palepale yalipofukuliwa, na wageni huyatazama wakiwa kwenye njia iliyoinuliwa juu yake.

Basi wanafunzi wanne wapewe mraba wa kuchimba wa mita moja uliozungushiwa uzi, brashi, rula, karatasi na penseli. Sharti ni moja: hakuna kung'oa chochote kabla hakijachorwa na kupimwa kina chake. Watalalamika, hasa wale wa mbio. Baada ya muda utawasikia wakibishana kama majivu haya yako juu au chini ya mfupa ule, na ubishi huo una faida kuliko mafuvu yote ya plastiki.

Kuchonga mawe nako kuwepo, lakini mbele ya fundi anayejua kazi, watoto wakiwa mbali na wamevaa miwani ya kinga, kwa sababu vipande hukata kama wembe. Waone kwamba ukigonga katikati ya jiwe unaumiza mkono bure. Hugongwa ukingoni, penye pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Zana za mawe za Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, zina umri wa miaka milioni 3.3. Akiona ugumu wa kazi hiyo, mtoto hatawaita tena waliozitengeneza wajinga.

Na dinosaria? Wanatajwa mno, tena wakichanganywa na watu wa mapangoni (hapo nazilaumu katuni). Tandaza kamba ya mita 46, sentimita moja iwe miaka milioni moja ya umri wa dunia. Dinosaria (ukiacha ndege, ambao ni uzao wao) wanatoweka sentimita 66 kabla ya ncha ya leo. Binadamu wa aina yetu ana milimita tatu hivi za mwisho.

Kamba hiyo haihitaji safari ya basi. Itandazwe uwanjani mwa shule wiki moja kabla ya safari. Siku ya ziara, asubuhi yote iwe ya shimo, na duka la zawadi lisubiri.