Uvuvi si mkate na siagi

Juzi asubuhi nimemsikia mtangazaji wa redio akisema uvuvi ni "mkate na siagi" wa watu wa pwani. Nilikuwa nakoroga chai, nikaacha kijiko. Mvuvi anakesha baharini na karabai, akirudi watoto wanakula muhogo na samaki. Siagi imeingiaje hapo?

Mwingereza akisema "bread and butter" hataji kifungua kinywa, anataja kazi inayomweka mjini. Kwake mkate umebeba mengi: hata neno "lord", bwana mkubwa, lilianza likiwa mlinzi wa mkate, na "lady" alikuwa mkandaji wake. Ngano ndiyo iliyowalea, wana haki. Lakini tukiibeba picha yao nzimanzima, yetu tunaiweka wapi?

Sisi tuna unga. Mtu akifukuzwa kazi amemwaga unga, na hakuna anayeuliza maana. Tuna kitumbua pia. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua. Mchele aliuloweka tangu jana yake, akausaga, akautia tui, iliki na hamira, akauacha uumuke. Siku moja upepo ukapeperusha kawa, mchanga ukaingia kwenye sufuria. Mama alichovya kidole, akaonja, mchanga ukakwaruza menoni, akakaa chini bila kusema neno. Uji ule hauoshwi. Siku hiyo hatukuuza kitu. Mpaka leo nikisikia fulani katiwa mchanga kitumbua chake, nausikia mchanga ule mdomoni mwangu.

Waliotafsiri Biblia ya Union, ile ya 1952, walikutana na mkate huohuo kwenye Sala ya Bwana. Katika Mathayo wakaandika, "Utupe leo riziki yetu." Nawaheshimu sana kwa neno hilo moja. Riziki inamchukua mvuvi, mkulima wa mpunga na mama wa vitumbua, habaki mtu nje. Wakatoliki wao husali "mkate wetu wa kila siku", na sawa, nakubali, maana mkate wao uko altareni.

Na neno lao lingine lenye mkate ndani, "breadwinner", kwetu ni mtu anayetegemewa na familia, basi.

Ndugu mtangazaji, wavuvi wale wanakusikiliza huku wakishona nyavu. Waambie uvuvi ndio riziki yao.