Nondo za balkoni zikae juu, na zibaki juu

Kinachoniudhi kwenye saiti nyingi si zege bovu. Ni nondo za balkoni zilizofungwa vizuri asubuhi, kisha zikakanyagwa na kila mwenye ndoo, hadi jioni zimelala juu ya mbao na zege limezifunika. Hakuna atakayejua mpaka ufa utokee.

Jamvi, yaani bamba la zege, lililokalia kuta mbili huvutwa upande wa chini, ndiyo maana nondo zake huwekwa chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu. Ikiinama, kinachovutwa ni uso wa juu, tena pale pale ukutani. Zege linajua kubanwa. Uwezo wake wa kuhimili kuvutwa ni kama sehemu ya kumi tu ya huo. Galileo aliichambua boriti iliyotokeza ukutani mwaka 1638. Aliikadiria nguvu mara tatu ya iliyo nayo, lakini mahali inapovunjikia alipaona sawasawa.

Tupige hesabu. Jamvi la mm 150 lina kilo 375 hivi kwa mita ya mraba. Likitokeza mita 1.5, uzito wake peke yake, ukihesabiwa katikati yake, unaleta ukutani momenti (nguvu ya kuinamisha: kilo mara mita kutoka ukutani) ya 420 hivi kwa kila mita ya upana. Sasa jenga ukingoni ukuta wa tofali za inchi 6, kimo mita 1: kilo 300 hivi kwa mita, zidisha kwa 1.5, unapata 450. Ukuta wa kujikinga unailemea balkoni kuliko balkoni inavyojilemea! Na bado watu hawajasimama. Wekeni reli za bomba, jamani.

Nondo ya mm 12 yenye kava (zege linaloifunika) ya mm 20 juu yake ina kitovu mm 124 kutoka chini. Ishushe mm 40 kwa miguu, zinabaki 84: karibu theluthi ya nguvu imekwenda, ingawa chuma ni kile kile na saruji ni ile ile uliyoilipia. Ikilala kabisa kwenye mbao, balkoni imebebwa na zege tupu.

Vikalio, yaani vyuma vyenye miguu vya kuzishikilia nondo juu, viwekwe kila mita moja, pande zote mbili, miguu yake ikanyage biskuti (vipande vidogo) za zege ili isishike kutu. Nondo kuu zipite juu ya zile za kugawa mzigo. Njia ya mbao ya wabeba ndoo isimame kwa miguu yake, isiegemee chuma. Mtu mmoja ashike futikamba zege likiwa linamwagwa. Kukagua jana yake hakutoshi. Nondo ziingie ndani ya jamvi la chumba walau mara moja na nusu ya urefu wa balkoni.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba michoro mingi haionyeshi vikalio, na fundi hulaumiwa kwa alichonyimwa. Hata hivyo, kabla zege halijaifunika, nondo iliyoshuka huonekana kwa macho.

Mirunda, zile nguzo za muda zinazoshikilia mbao, itolewe kuanzia ncha kurudi ukutani. Ukianzia ukutani, jamvi linabaki limeegemea ncha, linapinda kinyume, na chini hakuna nondo.

Na kama zege limeshakauka nondo zikiwa chini, plasta haisaidii. Usitoe mirunda, mwite mhandisi. Mara nyingi njia ya kweli ni boriti na nguzo mbili ukingoni, ili jamvi libebwe pande zote mbili na nondo zile ziwe mahali pake.